Nasali Jumapili, zaka natoa: jumuiya ya nini tena?

SWALI: Mimi ni mwajiriwa, nina miaka 31, naishi Mbezi, Dar es Salaam. Jumapili nasali, mara nyingi kanisa la mjini ambako misa ya kwanza inaisha mapema. Nikichoka naifuata misa kwenye simu. Zaka natuma kwa simu. Ila jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, ile ya majirani, siendi. Wanasali Jumamosi saa 12 asubuhi, siku pekee ninayolala, na nilipokwenda mara ya mwisho nusu ya muda ilikuwa michango. Rafiki yangu alinyimwa barua ya kumbatiza mtoto kwa sababu hayumo kwenye daftari la mahudhurio. Mama yangu aliyeko Moshi kila nikimpigia ananiuliza, "Siku ukifa utazikwa na nani?" Naomba unieleze, mbali na kutishwa, kuna faida gani ya kweli? Na kutokwenda ni dhambi?

JIBU: Tumsifu Yesu Kristo, dada. Nianze na la mazishi, kwa sababu naona ndilo linalokukereketa, na ndilo ambalo viongozi wetu wengi wanalisema vibaya. Katika semina za viongozi wa jumuiya ninazoendesha, haikosi kusimama mwenyekiti mmoja akasema kwa kujiamini kabisa kwamba asiyesali jumuiya hazikwi na Kanisa. Hakuna sheria hiyo.

Sheria za Kanisa Katoliki zilizotangazwa mwaka 1983 zinataja, katika kanuni ya 1184, watu wa kunyimwa mazishi ya Kanisa iwapo hawakuonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioasi imani, wazushi na wafarakano wanaojulikana hadharani, waliochagua maiti zao zichomwe kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wengine wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini. Basi. Aliyekosa Jumamosi nne hayumo. Anayedaiwa mchango wa ujenzi hayumo. Tena kanuni ya 848 inaonya kwamba mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake, na ya 1181 inasema hivyo hivyo kuhusu maskini na mazishi yao. Kwa hiyo mwenyekiti anayesimama mbele ya jeneza na kuanza kusoma madeni ya marehemu anatumia mamlaka ambayo hakupewa na mtu. Akifanya hivyo mahali ulipo, mwone paroko. Wala usimwogope, maparoko wengi hawapendi mchezo huo, ila hawapati habari mpaka msiba umeshapita na familia imeshaaibika.

Sasa barua ya ubatizo. Hapa sitaiunga mkono hasira ya rafiki yako moja kwa moja. Parokia ya Dar es Salaam inaweza kuwa na waamini maelfu kwa maelfu na mapadre wawili au watatu. Anapokuja mzazi na mtoto, sheria inamtaka padre awe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani (kanuni ya 868). Wakija wachumba, lazima ijulikane kwanza kwamba hakuna kizuizi (kanuni ya 1066). Paroko atajuaje kwamba kijana huyu hana mke aliyemwacha Mwanza? Wanaojua ni majirani. Barua ya jumuiya ilizaliwa hapo: watu wanaokufahamu wanakushuhudia. Ni utaratibu mzuri, na umewaokoa mabinti wengi na ndoa za kitapeli. Umeharibika pale barua ilipogeuzwa kuwa risiti, kwamba ukilipa unapewa na usipolipa hupewi. Rafiki yako aende ofisi ya parokia mwenyewe, aeleze hali yake bila kugomba. Kitakachoulizwa hapo ni kama yuko tayari kumlea mtoto katika imani, na nani atamsaidia. Na swali hilo la pili, utaona, linamrudisha jumuiyani kwa mlango mwingine.

Umeuliza kama ni dhambi. Kushiriki misa siku ya Jumapili ni wajibu, kanuni ya 1247 iko wazi. Misa ya kwenye simu ni msaada kwa mgonjwa, kwa anayemuuguza, kwa aliye mbali na kanisa. Kwa mtu mzima mwenye afya na nauli, haihesabiwi kuwa ameshiriki. (Ndugu zetu wa Kenya mwaka 2020 makanisa yao yalifungwa kwa sababu ya corona, wakabaki na skrini, na walipofunguliwa wengi walikwenda wakilia. Sisi huku serikali haikutufungia, kwa hiyo pengine hatujui tulichobaki nacho.) Jumuiya haimo katika wajibu wa namna hiyo. Usiipeleke kwenye kitubio kama dhambi ya kukosa misa. Jumuiya ni njia ya kichungaji waliyoichagua maaskofu wa ukanda wetu, na inafaa ujue kwa nini waliichagua, kwa sababu haikuwa michango.

Maaskofu wa Kongo ndio waliotangulia, mwaka 1961. Huku kwetu, mkutano wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, uliofanyika Nairobi mwishoni mwa 1973, ulisisitiza kwamba maisha ya Kanisa yajengwe pale watu wanapoishi na kufanya kazi kila siku, katika vikundi vidogo ambamo mtu anajisikia ni mwenzao. Mkutano mkuu wa 1976, Nairobi tena, ukakifanya hicho kuwa kipaumbele. Kwa upande wa Tanzania, hewa ya Ujamaa ilisaidia. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge aliichukulia kwa uzito mpaka akaenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa. Mapadre walikuwa wachache na vigango viko mbali, hilo linasemwa sana. Lisilosemwa sana ni kwamba watu walikuwa wakiondoka. Miaka ya 1960, kule Mara kaskazini, mtafiti Marie-France Perrin Jassy aliyachunguza makanisa huru ya Wajaluo yaliyokuwa yakiwavuta Wakristo wa misheni. Mafundisho hayakuwa sababu kubwa ya watu kuhama. Walivutwa na vikundi vidogo vyenye joto, ambamo kila mmoja anajulikana na ana kazi yake. Misheni ilikuwa na kanisa kubwa la matofali, na ndani yake mtu angeweza kusali miaka kumi bila mtu kujua jina la mtoto wake. Parokia ya Nyarombo, huko huko, ikawa miongoni mwa za kwanza kujaribu jumuiya.

Soma tena maelezo yako kuhusu kanisa la mjini, misa inayoisha mapema. Nadhani wewe na wale Wajaluo mngeelewana.

Nikueleze ninachokiona Jumamosi asubuhi. Nyumba ya kupanga, ua mdogo, viti vya plastiki vimeazimwa nyumba ya pili, viatu vimepangwa mlangoni. Mama mwenye nyumba ameamka saa 10 kufagia, na kitambaa cheupe kimetandikwa juu ya stuli yenye msalaba na mshumaa. Wimbo unaanzishwa juu sana, unakatishwa, unaanzishwa upya. Injili ya Jumapili ya kesho inasomwa, kimya, inasomwa tena, kisha kila anayetaka anarudia neno lililomgusa. Ndiyo njia ya hatua saba iliyoandaliwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ingawa jumuiya nyingi siku hizi zinaruka hatua tatu au nne ziwahi matangazo. Kikapu kinazungushwa. Halafu katibu anafungua lile kaunta buku lililomnyima rafiki yako barua.

Siku moja nilikuwepo wakati jina la mama mmoja muuza mihogo lilipoitwa mara mbili, kimya. Katibu akasema, "Hata Jumamosi iliyopita hakuwepo." Angeweza kuweka alama ya mkato na kuendelea. Badala yake mzee mmoja akauliza, "Nani anakaa karibu naye?" Wakateuliwa wawili wapitie kwake wakitoka pale. Walimkuta na mguu umevimba, hajatoka chumbani siku kadhaa, na anayemchotea maji ni mtoto wa darasa la pili. Mchana wa siku hiyo alipelekwa hospitali kwa bajaji, na jioni sufuria ya uji ilikuwa mlangoni kwake. Mtoto naye alilala kwa jirani mpaka mama aliporuhusiwa.

Daftari ni lile lile. Katika jumuiya moja linatumika kukunyima barua, katika nyingine linatumika kujua nani hajaonekana. Faida ya kweli unayoiuliza ni hiyo ya pili: kuwepo watu ambao kutokuwepo kwako kunawashtua. Misa ya kwenye simu haijui kama umeikosa. Ile ya mjini nayo, hata ukisali pale miaka mitano, siku ukikosa kiti chako kinakaliwa na mwingine kabla ya Utukufu.

Hili si la hisia peke yake. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Chaeyoon Lim na Robert Putnam, walichapisha utafiti kuhusu kwa nini wanaokwenda ibadani mara kwa mara huwa wanaridhika zaidi na maisha. Walikuta kinachobeba uzito mkubwa ni marafiki walio nao ndani ya kanisa hilo. Wanaohudhuria kila wiki bila kuwa na rafiki humo hawakuwa na ziada yoyote ya kujivunia juu ya wasiokwenda kabisa. Na mwaka 2016 ukatoka mwingine, wa wauguzi wanawake wapatao 74,500 wa huko huko Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi: waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika kipindi hicho, pungufu kwa asilimia 33 ukilinganisha na wasiohudhuria kabisa. Usiitangaze hiyo kama dawa. Wauguzi wa Marekani si kina mama wa Mbezi, na utafiti wa kufuatilia hauwezi kuthibitisha chanzo kwa asilimia mia, hata watafiti wakijitahidi kuondoa tofauti za afya na kipato. Lakini huo wa kwanza unamhusu sana mtu anayesali peke yake katikati ya umati.

Kwetu kuna jingine la kuongeza, nalo ni msiba na ugonjwa. Watu wengi wa mijini hawana bima ya maana, na ukoo uko Kilimanjaro, Ruvuma au Kigoma. Jumuiya ndiyo inayofika kabla ya ndugu: maturubai, sufuria, mtu wa kukesha, rambirambi iliyofungwa kwenye bahasha na orodha ya majina. Wanaokuja usiku ule wanajua umevaa saizi gani ya kitenge. Grupu la WhatsApp la kazini litatuma "pole sana" na emoji ya mikono, kisha mazungumzo yataendelea kuhusu mpira. Siwalaumu, hawajui hata unapokaa.

Lakini nisikuuzie jumuiya ya malaika. Mwaka 2000 watafiti waliihoji kila kaya ya kijiji cha Nyakatoke, mkoani Kagera, kaya 119 zote, waandike nani humtegemea nani akipata shida. Picha iliyojitokeza ni kwamba watu hufungamana na wa ukoo wao, wa dini yao, wa jirani, na wanaolingana nao kwa mali, na kwamba kaya maskini zilikuwa na mtandao mwembamba kuliko zenye uwezo. Yaani anayehitaji zaidi ndiye mwenye watu wachache. Ukiangalia jumuiya zetu utaona jambo hilo hilo. Msiba wa mwenye nyumba ya ghorofa unajaza magari barabara nzima. Dada wa kazi za ndani akifiwa, wanakwenda kina mama watatu. Na asiyeweza kuchangia huanza kukwepa kwa aibu, kisha anaitwa mtoro.

Ugonjwa huo ni wa zamani. Jumuiya ile ya Yerusalemu tunayoisifia kila mara, iliyoshirikiana vyote, ilipofika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume tayari waamini wenye kusema Kiyunani walikuwa wananung'unika kwamba wajane wao wanarukwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia waache kulalamika. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Korintho nako matajiri walikula wakashiba kabla maskini hawajafika, na Paulo akawakaripia kwa ukali ambao mwenyekiti wako angeuona ni utovu wa adabu. Kwa hiyo wewe mwenye elimu na sauti, ukikaa nyumbani kwa sababu jumuiya ina kasoro, unamwacha huyo dada wa kazi na wale wale waliomsahau. Naona hii ndiyo sababu nzito kuliko zote za wewe kwenda, nzito kuliko msiba wako mwenyewe.

Michango basi. Waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa, kanuni ya 222. Sheria hiyo hiyo, katika kanuni ya 1287, inawataka wanaotunza mali ya Kanisa wawape waamini hesabu ya walichotoa, kwa utaratibu uliowekwa. Kila parokia inapaswa kuwa na baraza la uchumi, kanuni ya 537. Ukiuliza hesabu hujakosa imani. Uliza kwa adabu, kwenye kikao, si kwenye grupu la WhatsApp usiku wa manane: mwaka jana tulikusanya kiasi gani, kilikwenda wapi, tumebakiza nini kwa ajili ya wagonjwa? Nimeona jumuiya zikibadilika kwa swali hilo moja, hasa mhazini akiwa mwaminifu na alikuwa anasubiri tu mtu aulize. Ukiwa na kipato kidogo mwezi huo, mwambie mhazini faragha kiasi unachoweza, usijifiche. Na kwa kuwa tunasemezana kwa ukweli: wengi wanaolia kuhusu elfu tano ya jumuiya wametoa laki mbili ya kitchen party mwezi huo huo bila kunung'unika. Huko wanaujua ukumbi na watakula. Jumuiya nayo ikionyesha fedha inakokwenda, watu hutoa.

Kuna watu nisingewashauri warudi jumuiya ile ile. Kama umedhalilishwa na kiongozi, au kuna mtu unayemkimbia anayesali pale, usilazimishwe na yeyote. Paroko anaweza kukupokea jumuiya nyingine, na kama ni kosa la jinai, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndilo la kwanza, kikao cha jumuiya hakina kazi hapo. Na hata jumuiya nzuri ina midomo. Mnaposhirikishana Injili, sema yanayoweza kurudiwa sokoni bila kukuumiza. Yale mengine ni ya kitubio au ya rafiki mmoja.

Wewe hukutaja jambo la namna hiyo, umetaja uchovu na kuchoshwa. Kwa hiyo ningekuomba hivi: nenda miezi miwili, na usiende kama mtazamaji. Jumuiya nyingi zina upungufu wa watu wa aina tatu, msomaji anayesomeka, katibu anayeandika barua ikaeleweka, na mtu wa kukaa na watoto wakati wakubwa wanasali. Shika moja. Anayekuja kukaa tu huona michango peke yake. Mwenye kazi hujikuta anawajua watu, maana katibu ndiye anayepigiwa simu mtu akilazwa. Jihadhari tu usichaguliwe kuwa katibu, mhazini na mwalimu wa watoto kwa mpigo kwa sababu una simu janja na umesoma. Hiyo nayo huwafukuza vijana. Ukipewa ya pili, ikatae huku unatabasamu. Na kama VIWAWA, yaani umoja wa vijana Wakatoliki, ya parokia yako iko hai, ingia huko pia, utakutana na wa rika lako wanaorudi na daladala saa tatu usiku kama wewe.

Ndugu wa KKKT na Waanglikana wanaosoma hapa, kanuni nilizotaja si zenu, lakini jumuiya mnazo na magomvi yake mnayajua. Yaliyobaki yanawahusu vile vile.

Limebaki la saa 12 asubuhi. Hakuna kanuni inayotaja saa. Wengi wa waliopanga muda huo walikuwa wafanyabiashara wanaofungua maduka saa 2, na hakuna aliyewauliza tena. Hesabu mko wangapi mnaotoka kazini usiku, mkubaliane, mpeleke hoja kwenye "mengineyo": Jumapili jioni, au Jumatano saa 1 usiku, angalau wiki mbili kwa mwezi. Wazee watapinga mwanzoni. Nenda na wenzako wanne, msiwe chini ya hapo, na mmoja wenu ajitolee nyumba.